Baada ya Somo la Kuku

3 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkazamjomba, na kwamba miguu imeacha tabia yake ya kuvimba. Mimi ni mzima wa kuchoka. Hakuna kinachouma, ila hakuna kisichochoka pia.

Sikupigii simu kwa sababu mara ya mwisho tulizungumza robo saa nzima, ukanijibu kila kitu "vizuri, vizuri", hata niliposema nimeanguka ngazi. Masikio yako yalikwishia kazini, kwenye vile visikilizio. Bora tuandikiane kama watu wa zamani.

Habari yenyewe ni hii. Kituo chetu cha televisheni kimeamua kuutengeneza upya ule mchezo wa "Nyumba ya Bi Funguo", na mwongozaji ni mimi. Miaka kumi na sita nimeongoza matangazo ya sabuni na vipindi vya mapishi, leo nimekabidhiwa mchezo wa mama yangu mzazi. Tangu habari itoke sipiti popote kwa amani. Mlinzi wa getini kila asubuhi ananitolea lile neno la mama la kufungia mchezo, akiwa Bi Funguo: "Aliyemo yumo. Aliye nje, hodi yake naijua!" Anacheka mpaka anashika tumbo. Wenye umri wa miaka hamsini wananihadithia mitaa ilivyokuwa ikinyamaza Bi Funguo akitokea. Nami natabasamu tu, kama mgeni kwenye harusi ya watu.

Mjomba, watu wote wanamkumbuka mama yangu isipokuwa mimi. Nilikuwa na miaka mitatu alipofariki. Ninayo picha ile moja, funguo kiunoni, nusu ya uso imeliwa na jua. Juzi msichana atakayemwigiza aliniuliza, "Alikuwa anatembeaje?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho imefika na kupita, jibu sina.

Najua mikanda yote iliharibiwa na mvua iliyoingia ghalani. Umenihadithia tangu nikiwa na meno ya utoto. Lakini wewe ndiye uliyekuwa fundi wa kurekodi, na fundi hakosi cha kujiwekea. Hukubaki hata na mkanda mmoja, chini ya kitanda, nyuma ya kabati? Tunaanza kupiga picha Juni. Nataka nimwone akitembea, mara moja tu.

Mpwa wako,
Chiriku


21 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Miguu inavimba na kunywea kama ina zamu. Mkazamjomba anakusalimu, anasema ule. Uzee huu nao! Unaamka umechoka, unalala ili ukachokee upande wa pili.

Hongera kwa kazi, na pole kwa kazi.

Umeuliza alitembeaje. Alitembea kama mtu aliyesahau kitu jikoni. Haraka, halafu anasita, halafu anacheka mwenyewe. Na mwambie huyo msichana habari za mguu wa kushoto. Lile geti ambalo watu wanaapa lilikuwa la chuma, lilikuwa mbao nyembamba tu iliyopakwa rangi ya fedha. Ukiligusa linatikisika kama shati kwenye kamba. Basi mama yako alipokuwa akilifunga alilibana chini kwa mguu wa kushoto, huku uso unacheka. Watazamaji wakadhani ni madaha. Baada ya mwezi, wanawake mji mzima wanafunga milango yao mguu mbele.

Siku hizo hatukuwa na mambo ya kukata na kuunga. Tulirekodi nusu saa moja kwa moja, mwanzo mpaka mwisho, na anayekosea anajiokoa mwenyewe. Mimi nilikaa chumba cha mitambo, juu, nyuma ya kioo. Kila sehemu ilimalizikia getini, na akishafunga na kusema neno lake, anainua macho kwangu kuuliza kama imeingia, yaani kama mkanda umeshika picha na sauti. Mpaka nijibu "imeingia" ndipo anavua zile funguo. Nisipojibu haondoki, hata akiwa hoi.

Kuhusu mikanda, mvua ile ilikuwa mvua, mwanangu. Siku tatu mfululizo. Maji yalifika magotini. Tulikuwa tukiitoa mikanda inachuruzika kama nguo za kufua. Hakikupona kitu. Usijisumbue kwenda ghalani, kuna vumbi, na wewe kifua chako nakijua.

Mjomba wako


9 Machi

Shikamoo Mjomba,

Poleni na miguu. Nashukuru kwa mguu wa kushoto. Msichana wangu sasa anafunga kila mlango wa ofisi kwa mguu, na watu wa mapokezi wamelalamika rangi inachubuka.

Kazi imeanza kunila kabla sijaila. Mtayarishaji, ambaye alizaliwa mchezo umekwisha zamani, anataka nyumba iwe jengo la ghorofa kumi na mbili lenye lifti. Anataka geti la kubonyeza namba. Nikamuuliza, Bi Funguo bila funguo ataitwa Bi nani? Akafikiri kweli kweli, akasema, "Bi Namba?" Sikucheka, Mjomba. Nilikosa nguvu ya kucheka. Tumebishana wiki tatu, sasa tumefika ghorofa nne na ufunguo mmoja.

Wiki iliyopita nilikwenda ghalani. Najua ulinikataza. Mtunza ghala, mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alinisikiliza habari za mvua mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akainua kidole kuelekea darini. Ghala liko ghorofa ya pili, Mjomba. Juu yake kuna ghorofa tatu nyingine, na limekuwa hapo hapo tangu jengo lijengwe. Akaniuliza, "Hiyo mvua ilipitia wapi, dada? Ilipanda ngazi?"

Nilitaka kukutetea. Nikasema labda bomba lilipasuka, wewe ukaona mvua ni rahisi kumweleza mtoto. Mzee wa watu akanihurumia, nilimwona, akanifungulia daftari la mikanda. Kila mkanda una mstari wake. Mbele ya mchezo wa mama, sehemu zote hamsini na mbili, kuna neno moja, kwa mwandiko ule ule ulioniandikia barua nikiwa shule ya bweni. "Umefutwa." Na sahihi yako, mara hamsini na mbili.

Sijui nikuulize nini. Nitafutie wewe swali, halafu unipe na jibu lake.

Chiriku


4 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimengoja wiki nne. Mkazamjomba ameniambia kwa simu kuwa unakula, unalala, na mpeleka barua akionekana kona ya mtaa unaingia bafuni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe maradhi yenyewe nimeshayasoma kwenye daftari. Unaficha nini tena?

Sina nguvu ya kugombana. Asubuhi nabishana na mtayarishaji, mchana nabishana na mafundi seremala, jioni msichana ananiuliza Bi Funguo alikuwa anachekaje. Nimebakiwa na nguvu ya kusoma ukurasa mmoja tu. Niandikie huo.

Chiriku


22 Aprili

Mwanangu,

Leo sianzi na miguu.

Hakukuwa na mvua. Ni mimi. Hamsini na mbili zote, kwa mkono wangu, bila kushikiwa fimbo.

Enzi zile mkanda mtupu ulikuwa adimu. Kituo kizima kilikuwa na mikanda isiyofika mia mbili, na ukitaka kurekodi kipya unachukua cha zamani unarekodi juu yake. Asubuhi nakuta karatasi mezani, leo mpira, leo hotuba, leo somo. Natoa mkanda kwenye rafu, nabandika lebo mpya juu ya lebo ya zamani, kazi inaendelea. Mchezo ulikuwa umekwisha, umeonyeshwa mara mbili, nani angeutaka mara ya tatu? Tulidhani kipindi ni kama gazeti la jana. Mafundi wote tulidhani hivyo, na hakuna hata mmoja aliyejiona mwovu.

Lakini mimi nilikuwa na la ziada, ndilo sijapata kumwambia mtu, hata mkazamjomba. Mimi nilimuuliza. Nilikwenda kwenu Jumapili moja, mama yako amekuweka katikati ya magoti anakusuka, nawe unalia kama unachinjwa. Nikamwambia, "Dada, wiki hii wanataka nimfute Bi Funguo." Hakuinua hata uso. Akasema, "Futa tu, kaka. Kwani mimi si nipo?" Tukacheka wote. Nikala, nikaaga. Jumatatu nikaanza.

Baada ya miezi minane hakuwepo.

Siku ya msiba ulikuja ukanipandia mapajani. Watu walikuwa wanazungumza mambo yao ya kufarijiana, mmoja akasema afadhali huyu tutaendelea kumwona kwenye televisheni. Ukanigeuza uso kwa mikono miwili ukaniuliza, "Atatoka saa ngapi?" Ulidhani anakaa mle ndani, mwanangu. Nami nikakujibu mvua imeharibu. Ndilo neno la kwanza lililonijia, kwa sababu nje kulikuwa kunanyesha. Ukalikubali. Ukaanza kulirudia kwa watu wazima, nao wakalikubali. Miaka thelathini na mitano sasa naulisha uongo ule kama mbuzi, mpaka umekua una pembe.

Nilijua ukiingia ghalani utaangalia juu.

Sasa nisikilize, maana kuna kitu kimoja. Sikukwambia kabla, kwa sababu huwezi kumwonyesha mtu mkia bila kumwambia aliyekula mnyama. Kila sehemu ya mchezo ilikuwa nusu saa. Niliporekodi mpira juu yake, mpira uliumeza wote. Hotuba nazo ziliumeza wote, hotuba hazijui kwisha. Lakini kulikuwa na masomo ya ufugaji wa kuku. Yule bwana mifugo alikuwa mtu wa nidhamu, dakika ishirini na tano, anafunga daftari lake anasema asanteni. Na bwana mifugo akimaliza, mimi nilizima mashine. Mashine ya kufuta mkanda wote ilikuwepo ila sikuitumia, ilikuwa nzito na ilikuwa vyumba viwili mbali. Nilirekodi juu kwa juu tu. Kwa hiyo baada ya kuku, ikiwa hakuna mwingine aliyepitisha kitu, dakika tano za mwisho hazikuguswa.

Ningependa kukuambia niliziacha kwa mapenzi. Nadhani ilikuwa uvivu.

Tafuta lebo za kijani, ndizo za masomo ya kuku. Somo likiisha usizime. Patakuwa na chenga kidogo kwenye picha, vumilia.

Sikuombi chochote.

Mjomba wako


30 Juni

Shikamoo Mjomba,

Najua nimenyamaza zaidi ya miezi miwili. Nilikusudia. Nilitaka nawe umtazame mpeleka barua akipita.

Nilikukasirikia mpaka nikaugua. Siku nyingine nilikasirika kwa ajili ya kufuta, siku nyingine kwa ajili ya mvua, na mvua ndiyo iliyoniuma zaidi. Nimeisimulia mvua ile kwenye mahojiano ya kazi, Mjomba. Nimemsimulia mume wangu tulipoanza kuchumbiana, na akalia. Niliandika insha juu yake darasa la sita nikapewa zawadi ya kalamu. Ulinipa kitu cha kushika, na kitu chenyewe hakikuwepo.

Mwishoni mwa Mei, nikiwa nimechoka hata kukasirika, nikamwendea mzee wa ghala. Tulikuta lebo za kijani kumi na tisa. Mashine ya zamani inayofanya kazi imebaki moja, na inafanya kazi ukiisemesha vizuri. Tulikaa kwenye vibao viwili asubuhi ya Jumamosi, tukatazama Somo la Kwanza, Banda Bora. Dakika ishirini na tano za kuku! Mtu mzima, mwongozaji, nimekaa nasikiliza habari za maranda na kinyesi kama nangoja majibu ya hospitali. Bwana mifugo akafunga daftari. Asanteni. Chenga.

Halafu geti.

Linatikisika kama ulivyosema. Mama akaja, haraka, akasita, akajicheka. Ana mwanya, Mjomba! Mbona hakuna aliyewahi kuniambia kuwa mama ana mwanya? Ninao huo huo, nimeuchukia tangu shule. Akalibana geti kwa mguu wa kushoto, akafunga, akasema neno lake. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyompangia. Mzee wa ghala akatoka nje akasema anatafuta chai, na hakukuwa na chai.

Mikanda minane ilikuwa na kuku kisha kuku, mtu alipitisha kitu kingine. Kumi na mmoja ina mama. Na kwa sababu ni mikia mitupu, katika yote kumi na mmoja anafanya jambo moja, anafunga geti na kutuaga. Sina mama anayeingia, sina mama anayekula wala kugombana na wapangaji. Ninaye mama wa kufunga tu, mara kumi na moja, kila mara kwa namna yake. Mara moja ana mafua. Mara moja ufunguo unagoma na yeye anausema kwa sauti ya chini.

Wa mwisho ndio nakuandikia habari zake. Muziki umekwisha, maandishi yamepita, lakini hukuzima mashine. Anainua macho. Anasema, "Kaka, imeingia? Kama haijaingia leo sirudii, nimechoka." Na sauti inatoka kwenye kipaza sauti cha juu, ya kijana, nikashindwa kuitambua mpaka niliporudisha nyuma. "Imeingia, dada." Ndipo anavua funguo, ananyoosha mikono pembeni, mtu asiyeonekana anampa mtoto aliyelala amefungwa kwenye kanga. Anamnusa kichwani. Anaondoka naye.

Nimeitazama hiyo mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Nilimwonyesha mtayarishaji mikia yote isipokuwa huo. Aliomba nimrudishie ule wa mafua. Tumekubaliana. Mchezo mpya una sehemu kumi na moja, na kumi kati yake zitafungwa na mama mwenyewe, getini kwake, na chenga zake. Hiyo ndiyo mikia ya kuonyeshwa hadharani. Sehemu ya kumi na moja haina mkia, maana ule wa mtoto ni wetu, hautoki. Hiyo ataifunga msichana wangu mwenyewe. Nimetengenezesha geti la mbao nyembamba, mafundi wameniona nimerukwa na akili. Atabana kwa mguu wa kushoto, atasema neno, halafu atainua macho juu kwenye kioo.

Siku hizi hakuna anayejibu. Kompyuta inawasha taa ya kijani, basi. Nataka pawe na mtu. Kurekodi ni Jumanne, tarehe 24 Julai, saa nne asubuhi. Kiti nimekuwekea.

Usidhani nimekusamehe yote. Nimekusamehe ile kumi na mmoja, dakika tano tano. Arobaini na mmoja iliyobaki bado naipigania.

Mpwa wako,
Chiriku


15 Julai

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Mkazamjomba mzima. Miguu haijambo, inajua ina safari.

Ule mkanda mdogo ulionitumia, nakala ya mkia wa mwisho, umefika. Kijana wa jirani angekuja kutuwekea, tukakataa, tukaweka wenyewe, ikatuchukua asubuhi nzima na maneno kidogo. Mkazamjomba alikaa kitandani, mimi kwenye kiti, visikilizio vyangu vya zamani masikioni ili nisipitwe. Dada alipoinua macho akauliza, nikajibu. Nilijibu kwa sauti, mkazamjomba anasema jirani alisikia. Nilikuwa nimesahau kuwa alikuwa amechoka kiasi kile. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa amechoka, na mimi nilidhani uchovu ni wa kwetu wazee.

Mwanya nilikuwa nimeusahau. Nisamehe na huo, uuhesabu mbali.

Nitakuja. Basi la Jumatatu, nikalale kwenu. Koti nimelipiga pasi, mkazamjomba amelipiga tena. Nilipokaa kukuandikia, neno lililonijia kwanza lilikuwa lile la mama yako, kwamba usihangaike, mimi si nipo? Nikalikata kwa kalamu, utaona hapo juu palipochafuka. Silitamki tena mpaka nife.

Ila nina ombi moja la kifundi. Nitakapoingia mlangoni Jumanne, hata kabla sijakaa, hata kama nahema kwa ngazi na koti limekaa upande, usiniache nijiweke sawa. Washa mashine. Na uhakikishe mkanda ni mpya, hauna kitu chini yake.

Mjomba wako